TUNAZIUA BETRI KWA MIKONO YETU WENYEWE

Mwaka huu sitaandika juu ya dawa za kulevya wala juu ya nidhamu, kwa sababu wenzangu wameyashughulikia mambo hayo kikamilifu katika kurasa nyingine. Mimi nataka kuandika juu ya betri. Najua wapo watakaocheka na kusema, "Betri nayo ina nini cha kuandikiwa insha?" Cheka, lakini soma hadi mwisho. Kitu ninachotaka kusema kimenigusa mimi binafsi, na kimegusa jarida hili ulilolishika mkononi.

Chama chetu kina kipakatalishi kimoja tu, au laptopu kama tunavyoiita sisi wenyewe. Tulipewa na mwanafunzi wa zamani wa shule hii. Ilikuwa imetumika, lakini ilikuwa nzima, na betri yake ilikaa na chaji zaidi ya saa tatu. Shule yetu, kama unavyojua, ni ya kutwa. Sisi hatuna jioni za kukaa maktaba. Ikifika saa kumi na moja, wengine wanakimbilia matatu na wengine tunatembea hadi nyumbani kabla giza halijaingia. Kazi ya jarida hufanywa wakati wa chakula cha mchana na Jumamosi asubuhi, mara chini ya mwarobaini, mara kwenye darasa lisilo na soketi hata moja. Kwa hiyo laptopu yenye betri nzuri kwetu sisi si anasa. Ndiyo ofisi yetu.

Nilipokuwa kidato cha pili nilichaguliwa kuwa mtunza vifaa wa chama. Nilikabidhiwa ufunguo wa kabati, na ndani ya mlango wa kabati hilo kulikuwa na karatasi iliyobandikwa zamani, imeandikwa kwa wino mwekundu: USICHAJI KABLA BETRI HAIJAISHA KABISA. Nani aliiandika? Sijui. Niliwauliza waliokuwa mbele yangu, nao wakaniambia waliikuta. Basi mimi nami nikaitekeleza sheria hiyo kama askari jela. Mtu akitaka kuchomeka chaja ikiwa imebaki asilimia arubaini, nilimnyang'anya waya. "Maliza kwanza!" Ndiyo ilikuwa kauli yangu, mpaka wenzangu wakanibandika jina la Maliza.

Siku ya kufunga shule mwezi wa Novemba mwaka jana tulitazama video za tamasha la muziki na drama mpaka kioo kikazimika chenyewe. Nilifurahi kweli kweli. Nilijiambia kwamba nimeiacha betri tupu, safi, tayari kwa mwaka mpya. Nikaifungia kabatini, katika stoo yenye paa la mabati, hapa Voi ambako jua la Desemba na Januari halina mzaha. Nikaenda likizoni nikiwa na amani rohoni.

Tulipofungua mwezi wa Januari niliichomeka laptopu. Taa ya chaja iliwaka, mashine nayo ikawaka, lakini betri ilibaki asilimia sifuri. Saa moja, sifuri. Siku nzima, sifuri. Ukichomoa waya tu, giza. Tukasema si neno, tutaitumia hivyo hivyo ikiwa imechomekwa ukutani, mradi inafanya kazi.

Halafu ikaja Jumamosi moja ya mwezi wa Machi. Dada mmoja wa kidato cha kwanza alikuwa ametunga shairi la beti kumi na sita juu ya kisima cha kijijini kwao. Alitaka kuliandika kwanza daftarini, lakini mimi ndiye niliyemwambia aliandike moja kwa moja kwenye mashine, ati ndiyo mambo ya kisasa. Alikaa asubuhi nzima akipiga chapa kwa vidole viwili. Ghafla stima ikapotea. Betri ingekuwa nzima, asingejua hata kama stima imepotea. Lakini betri ilikuwa maiti, na kazi ilikuwa haijahifadhiwa. Stima iliporudi tulitafuta kila mahali tusipate kitu. Yule dada hakulia wala hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Kaka, zimekwenda wapi?" Sikuwa na jibu.

Jumatatu, baada ya masomo, nilimwomba mwalimu mlezi ruhusa nikaipeleka laptopu mjini kwa fundi wa simu na tarakilishi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, kijana. Lete tuone."

Aliifungua, akaitoa betri, akapima kwa mita yake seli moja baada ya nyingine. Akatikisa kichwa.

"Hii betri haikufa kwa uzee. Mmeiua nyinyi wenyewe. Iliachwa tupu muda gani?"

"Likizo nzima, fundi. Tuliimaliza kwanza, ndivyo sheria yetu inavyosema."

"Sheria ya mwaka gani?"

Msomaji, swali hilo lilinipiga kama kofi. Sheria ya mwaka gani? Mimi nilijua sheria inasema nini, lakini sikujua ni ya lini wala ilitungiwa kitu gani. Fundi aliniambia betri mpya ni shilingi 4,500. Chama chetu kina wanachama 46, na kila mmoja hutoa shilingi hamsini kwa muhula. Piga hesabu mwenyewe: ni karibu ada ya mihula miwili ya chama kizima. Siku hiyo mwekahazina alikuwa na shilingi 1,870.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza na kusoma, kwani asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Nimegundua kwamba ile karatasi yetu nyekundu haikuwa uongo. Ilikuwa kweli, lakini kweli ya betri nyingine. Betri za zamani za kuchaji, zilizotumiwa hata katika vipakatalishi vya kwanza, zilitengenezwa kwa nikeli na kadimiamu. Aina hiyo ilibuniwa na Msweden aitwaye Waldemar Jungner mwaka wa 1899. Betri za namna hiyo zilikuwa na tabia ya kuzoea. Ukizichaji kila mara kabla hazijaisha, zilianza kufanya kana kwamba zimeisha pale pale ulipozoea kuzichomeka. Ndiyo maana watu walishauriwa wazimalize kwanza. Ushauri huo ulikuwa wa busara kwa wakati wake.

Lakini mwaka wa 1991 kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza betri ya lithiamu-ioni, na hiyo ndiyo iliyomo leo ndani ya simu na laptopu zetu karibu zote. Wanasayansi watatu walioiwezesha betri hiyo, yaani John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 2019. Goodenough alikuwa na umri wa miaka 97 alipoipokea, mzee kuliko wote waliowahi kuipata. Betri hii mpya haina ile tabia ya kuzoea. Kuimaliza kabisa hakuisaidii kitu. Kinyume chake, kunaiumiza.

Hebu nieleze kwa mfano wa hapa kwetu. Ndani ya betri mna pande mbili, tuseme steji ya Voi na steji ya Mwatate. Chembe za lithiamu ndizo abiria. Unapochaji, abiria wote wanasafirishwa kutoka Voi hadi Mwatate. Unapoitumia laptopu, wanarudi Voi, na mwendo wao ndio unaokupa umeme. Sasa fikiria unataka abiria wote bila kubaki hata mmoja wajazane katika steji moja. Wa kwanza wanaingia kwa raha. Wa mwisho lazima wasukumwe kama makanga anavyosukuma watu matatu ya abiria 14 ikiwa imeshajaa. Ndiyo maana betri huenda haraka hadi kama asilimia themanini, kisha ikaanza kujikokota. Seli moja ikiwa katikati huwa na takriban volti 3.7, na ikijaa kabisa hufika volti 4.2. Kukaa siku nyingi katika msongamano huo, hasa kwenye joto, huichakaza upesi.

Na ikikaa tupu je? Hilo ni baya zaidi. Betri, hata ikiwa imezimwa na kufungiwa kabatini, huvuja chaji kidogo kidogo. Ikiwa ulianza na nusu, haina neno. Ikiwa ulianza na sifuri, inashuka chini ya sifuri unayoiona kwenye kioo, mpaka volti za seli zinakuwa chache mno na shaba iliyomo ndani inaanza kuharibika. Hapo kifaa cha usalama kilichomo betrini hukataa kabisa kupokea chaji, kwa sababu kuichaji seli iliyoharibika hivyo kunaweza kuleta moto. Hicho ndicho kilichotokea katika stoo yetu wakati mimi nimelala usingizi wa raha nyumbani.

Wahenga walinena: shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Sidhani walikuwa wanafikiria lithiamu, lakini jamani, waliipata barabara! Betri hii haitaki kushiba kupita kiasi, wala haitaki kushinda njaa. Inataka kiasi.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Kwanza, katika siku za kawaida tuichomeke ikifika asilimia ishirini au thelathini, tuichomoe ikifika themanini hivi. Kama kuna safari au kazi ndefu, ijazwe mpaka mia, si dhambi, mradi isikae mia siku nenda siku rudi. Kuchaji mara mbili nusu nusu ni sawa na kuchaji mara moja nzima, kwa hiyo hakuna hasara yoyote ya "kumaliza idadi ya kuchaji" kwa kuichomeka mapema. Pili, tuiepushe na joto. Tusiiweke juu ya godoro, blanketi au sweta la shule, kwa sababu matundu ya kupumulia huzibwa. Tusiiache juani wala ndani ya gari lililofungwa. Tatu, kabla ya likizo tuiache ikiwa na chaji kama nusu, izimwe kabisa wala isilazwe tu, na iwekwe mahali penye ubaridi. Nne, chaja ikiharibika tusinunue yoyote tu kwa sababu tundu limeingia. Volti zilizoandikwa kwenye chaja lazima zilingane na zile za laptopu, na ampea zisipungue zile zinazotakiwa.

Tano, tuipime. Mwalimu wetu wa tarakilishi alinionyesha kwamba laptopu nyingi zenye Windows zinaweza kutoa ripoti ya betri bila malipo. Unafungua dirisha la amri, unaandika powercfg /batteryreport, kisha unafungua faili inayotengenezwa. Humo utaona uwezo ambao betri ilitengenezwa nao na uwezo ilio nao sasa. Tuseme ilianza na 40,000 na sasa ni 30,000, basi imebaki na robo tatu ya nguvu zake. Ni kama kumpima mtoto uzito kliniki: hungoji mpaka augue.

Najua yapo mapingamizi. Wengine watasema, "Mimi huchaji usiku kucha na laptopu yangu bado inafanya kazi." Ni kweli, haitalipuka. Mashine za siku hizi huacha kuchaji zikijaa. Lakini kutolipuka si sawa na kutochakaa. Mtu anaweza kula mafuta kila siku na bado akatembea, ila moyo unajua. Ikiwa lazima laptopu ishinde imechomekwa, kama ile ya ofisi ya mwalimu, nyingi za kisasa zina mpangilio wa kuiamuru ikome asilimia themanini. Tuutafute na tuuwashe.

Wengine watasema ninawatia watu hofu bure, eti sasa tutakuwa watumwa wa betri, tukikodolea macho asilimia badala ya kufanya kazi. Hapana. Betri ni ya kutumiwa, na hata ukiitunza namna gani itazeeka siku moja. Nyingi hupungua hadi kama asilimia themanini ya nguvu zake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara mia tatu hadi mia tano. Mimi siombi isife. Ninaomba ife kwa uzee, isife kwa sheria mbaya.

Na ikizeeka mpaka ikavimba, tusiitoboe wala tusiitupe kwenye jaa la shule linalochomwa kila Ijumaa. Lithiamu-ioni ikitobolewa au ikitupwa motoni huwaka vibaya. Ipelekwe kwa fundi au kwa wanaokusanya taka za vifaa vya umeme.

Kuna jambo jingine ambalo mwanachama wa Kiswahili hapaswi kulisahau. Betri nyingi za laptopu zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa upande wa Kolwezi na Lubumbashi. Watu wa huko wanazungumza Kiswahili. Yule anayeshuka shimoni kuchimba madini hayo, tukikutana naye, tutasalimiana bila mkalimani. Betri tuliyoiua kabatini ilitoka ardhini kwa jasho la mtu kama huyo. Kuitupa kabla ya wakati wake ni kumdharau.

Sasa nirudi kwenye ile karatasi nyekundu. Nilipomweleza mwalimu mlezi yote haya, nilidhani nitaambiwa kwamba sheria za waliotutangulia haziulizwi. Kumbe sivyo. Aliniambia niibandue na niandike nyingine. Karatasi mpya imo kabatini sasa, na kila sheria iliyomo ina sababu yake mbele yake na mwaka ilioandikwa. "Acha na chaji nusu wakati wa likizo, KWA SABABU betri ya lithiamu ikikaa tupu hufa." Kwa nini nimeweka sababu? Ili siku betri za aina nyingine zitakapokuja, mtunza vifaa wa wakati huo asome, aone kwamba sababu imekwisha, na aibandue bila kuogopa. Sheria isiyo na sababu ni kama dawa isiyo na karatasi: huwezi kujua inatibu nini wala inaharibika lini.

Naomba pia shule nzima ifanye hivyo hivyo, si chama chetu peke yake. Nilikuwa shule ya msingi mwaka wa 2016, serikali ilipoanza kugawa vishikwambi katika shule za msingi. Nakumbuka tulivyovipapasa kwa furaha, na nakumbuka vilivyofungiwa kabatini kwa muhula mzima kwa kuogopa tusiviharibu. Siku hizo sikujua kwamba kufungia nako ni kuharibu. Leo najua. Kila likizo, pawe na mtu mmoja mwenye ufunguo, mwanafunzi anayekaa karibu pamoja na mwalimu wa zamu, wa kuja siku moja tu kupitisha jicho na kuongeza chaji kwa vifaa vilivyoshuka. Ni kazi ya asubuhi moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wetu ulikuwa shilingi 4,500.

Betri mpya tuliinunua mwezi wa Juni kwa michango na kwa kuuza maandazi siku ya wazazi. Nimeipima mwanzo wa muhula huu, na bado ni nzima. Likizo hii itabaki na asilimia hamsini, nami ndiye nitakayekuja kuitazama.

Yule dada wa kidato cha kwanza alikaa akajaribu kulikumbuka shairi lake. Utalisoma katika ukurasa wa mashairi, na naamini utalipenda. Lina beti kumi na mbili. Lilikuwa na kumi na sita. Zile nne anasema zilikuwa za mwisho, na hazijarudi hadi leo. Nilimwomba radhi, akaniambia, "Haidhuru, kaka." Mimi naona inadhuru, ndiyo maana nimeandika.

Kalamu yangu naiweka chini. Kitunze kikutunze.